Hedhi inakuja, maumivu yanazidi: tazameni na figo
Binti wa miaka 14 anapata hedhi kila mwezi, maumivu yanazidi, na ultrasaundi imeandika "uvimbe wa ovari"? Pole mama. Omba kipimo kirudiwe kupitia tumboni, kibofu kikiwa kimejaa. Kwa bikira cha ukeni hakifai, ila kifaa kinaweza kuwekwa kwa nje, kwenye msamba (kati ya uke na njia ya haja kubwa).

Figo zihesabiwe, kwa kuwa huenda ni kasoro ya kuzaliwa ya viungo vya uzazi, ambayo huambatana na kukosa figo moja. Moja ikikosekana, mpimaji atafute mifuko miwili ya uzazi na uke ulioziba upande huohuo: damu nzito iliyonasa humo huonekana kama ukungu wa kijivu, ndiyo hudhaniwa uvimbe. Hedhi haikatiki kwa kuwa upande wa pili uko wazi, na hapo ndipo wengi hukosea. MRI (picha ya sumaku) ithibitishe kabla ya kukata kiwambo, yaani ukuta unaoziba uke. Wasinyonye damu hiyo kwa sindano tu, hujaa tena na usaha unaweza kuingia.