Kabla hujaandika CMakeLists.txt yako ya kwanza

Ukiingia kwenye mradi wa C++ unaotakiwa kuendeshwa Linux, Windows na macOS, kuna uwezekano mkubwa utaikuta CMake, zana ya kuandaa ujenzi wa programu, kabla hujausoma msimbo wenyewe. Mimi niliiogopa kwa muda mrefu. Nilikuwa nanakili mistari kutoka mradi wa mwenzangu, nabandika, nabadilisha majina, najaribu tena mpaka ikubali. Ilipokubali sikujua kwa nini, na ilipokataa pia sikujua kwa nini. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba amri nilikuwa nazijua za kutosha. Nilichokosa ni kuelewa zana hii inafanya kazi gani hasa.

CMake haijengi programu. Inasoma maelezo yako kwenye faili la CMakeLists.txt, inaikagua kompyuta uliyopo, inaangalia kuna kompaila gani (zana inayogeuza msimbo kuwa programu) na maktaba zipi (mikusanyo ya msimbo wa kutumiwa na programu nyingine), halafu inaandika maagizo kwa ajili ya zana nyingine: Makefile za Make, build.ninja ya Ninja, au mradi wa Visual Studio ama Xcode. Zana hiyo ya pili ndiyo inayoiita kompaila. Ndiyo maana amri ni mbili:

cmake -S . -B build
cmake --build build

Ya kwanza inaandaa, ya pili inajenga. Ukipata kosa, jiulize kwanza limetokea kwenye amri ipi. Ujumbe unaoanza na "CMake Error at CMakeLists.txt:12" ni wa maandalizi: umekosea maelezo, au kuna maktaba haijapatikana. Ujumbe wa "undefined reference" unatoka kwenye kuunganisha vipande, hatua za mwisho kabisa za ujenzi, na maana yake mara nyingi ni kwamba hukuitaja maktaba fulani kwenye target_link_libraries. Wageni wengi hutafuta kosa la pili ndani ya hatua ya kwanza, na siku inaisha hivyo.

Lugha yake itakushangaza. Kila kitu ni maandishi matupu. Hata orodha ni maandishi yaliyotenganishwa kwa nuktamkato. Hilo lina historia yake. CMake ilianza mwaka 2000 hivi katika kampuni ya Kitware, Marekani, kwa ajili ya ITK, maktaba ya kuchakata picha za kitabibu iliyofadhiliwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo. ITK ilitakiwa ijengeke kwenye Unix na Windows pia, na waliounda CMake hawakutaka mtumiaji alazimike kusakinisha kitu kingine zaidi ya kompaila ya C++. Kwa hiyo hawakuegemea lugha nyingine iliyokuwepo. Walitunga ndogo ya kwao, na ndiyo tuliyonayo mpaka leo. Mimi siipendi sana kama lugha. Lakini miradi mikubwa kama KDE (mazingira ya dawati la Linux) na LLVM (msingi wa kutengenezea kompaila) imeihamia ikitoka kwenye zana za zamani, na sababu naiona kila ninapojenga mradi uleule kwenye mifumo mitatu bila kugusa mstari hata mmoja.

Sasa jambo lililonitesa kuliko yote: faili la CMakeCache.txt. Mara ya kwanza unapoandaa, CMake hukumbuka ilichopata, yaani kompaila ipi, maktaba iko njia ipi, chaguo lipi limewashwa, na huyahifadhi humo. Ukiandaa tena haitafuti upya; inasoma kumbukumbu. Niliwahi kusakinisha toleo jipya la maktaba na kwa siku mbili nzima mradi ukaendelea kushika la zamani. Nilisakinisha upya, nikabadilisha njia, nikalaumu mfumo endeshi. Njia ya zamani ilikuwa imeandikwa ndani ya faili hilo muda wote. Vivyo hivyo ukibadilisha thamani ya awali ya option(), amri ya kutangaza chaguo la kuwashwa au kuzimwa, ndani ya CMakeLists.txt: kwako hakuna kitakachobadilika kama ulishaandaa kabla, lakini kwa mwenzako anayeanza upya kitabadilika. Mtabishana, na kila mmoja atakuwa anasema kweli.

Tiba yake ni rahisi. Jenga ndani ya folda ya pekee, usichanganye kamwe na msimbo, na usiiweke kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo. Ukiona maajabu, ifute yote uandae upya. Kuanzia toleo 3.24 unaweza kuandika cmake --fresh, nayo itaitupa kumbukumbu ya zamani.

Jambo la pili ninalotaka ulishike ni targeti. Targeti ni kitu unachotaka kipatikane: programu ya kuendeshwa, au maktaba. Kazi yako ni kuielezea kila targeti, inahitaji nini, na wanaoitumia watahitaji nini. Tazama mfano huu:

cmake_minimum_required(VERSION 3.15)
project(Kionyeshi LANGUAGES CXX)
find_package(ZLIB REQUIRED)
add_library(picha picha.cpp)
target_include_directories(picha PUBLIC include)
target_compile_features(picha PUBLIC cxx_std_17)
target_link_libraries(picha PRIVATE ZLIB::ZLIB)
add_executable(kionyeshi main.cpp)
target_link_libraries(kionyeshi PRIVATE picha)

PRIVATE maana yake ni siri ya ndani: picha inatumia zlib (maktaba ya kubana data), lakini anayetumia picha hana haja ya kuyaona mafaili ya vichwa ya zlib, yaani yale yanayotangaza kilichomo ndani yake. PUBLIC maana yake ni hitaji langu na la wote wanaonitegemea. Kuna pia INTERFACE, ambayo ni ya wanaonitegemea tu. Jiulize swali moja: je, faili langu la kichwa linataja kitu cha maktaba ile? Kama ndiyo, PUBLIC. Kama kimetajwa ndani ya .cpp peke yake, PRIVATE. Ona pia kwamba kionyeshi haikuambiwa folda ya include wala C++17. Imevirithi vyote kwa kuitaja picha. Mafunzo ya zamani yatakufundisha include_directories na link_libraries zinazomwagia kila targeti kila kitu. Zinafanya kazi mpaka mradi ukue, kisha hakuna anayejua nani anategemea nini.

Usiandike chaguo za kompaila kama -std=c++17 wala -Wextra kwa mkono bila kuangalia kompaila ni ipi, kwa sababu ile ya Microsoft haizielewi. Usiandike pia njia kamili ya folda ya kompyuta yako. Njia hiyo kwa mwenzako haipo.

Kuna mambo ambayo CMake haiwezi kukukinga nayo. Ukiandika #include "Picha.h" wakati faili linaitwa picha.h, Windows itapokea na Linux itakataa. Maktaba shirikishi kwenye Linux kwa kawaida huonyesha alama zake zote (majina ya vitu vilivyomo ambavyo programu nyingine zinaweza kuvitumia), lakini kwa kompaila ya Microsoft haionyeshi hata moja mpaka utangaze; ndiyo maana kuna sifa ya WINDOWS_EXPORT_ALL_SYMBOLS. Fanya majaribio ya kila badiliko kwenye mifumo yote unayodai kuihudumia. Hakuna njia ya mkato hapa.

Halafu aina ya ujenzi. Kwa Make na Ninja, usipotaja CMAKE_BUILD_TYPE inabaki tupu, na kompaila haiboreshi kasi ya chochote. Niliwahi kuandika upya kitanzi kizima nikidhani ni kizito, kumbe sikuwa nimeweka -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release. Kwa Visual Studio na Xcode unaitaja wakati wa kujenga: cmake --build build --config Release.

Ukirithi mradi wa zamani, huenda hata maandalizi yakakataa. CMake 4.0, iliyotoka mwaka 2025, iliacha kukubali miradi inayotangaza toleo la chini ya 3.5. Pandisha nambari iliyo kwenye cmake_minimum_required, kisha kagua kama kila kitu bado kinajengeka. Kama mradi si wako, -DCMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM=3.5 itakuvusha kwa sasa.

Na unapoomba msaada, usitume mstari wa mwisho wa kosa. Kosa la kwanza ndilo lenye habari. Yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake. Tuma hilo pamoja na amri mbili ulizoandika na jibu la cmake --version, na useme kama ulishaifuta folda ya build.