Kocha wa chuo Marekani: jibu langu kwa walioko nyumbani

Kwenye kundi letu la familia, mdogo wangu ameweka picha ya kocha wa chuo wa hapa Marekani anayelipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, akaniuliza: "Kaka, na wewe si kocha wa kikapu wa chuo huko? Mbona kiwanja cha Kigamboni bado pori?" Shangazi naye akadakia kwamba nimvute mwanawe aje kucheza. Nawajibu wote pamoja, na sifichi kitu.

Mishahara ile ipo, ila ni ya makocha wakuu wa vyuo vikubwa. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku, ina vyuo zaidi ya 1,000 katika madaraja matatu. Mimi ni kocha msaidizi daraja la pili. Nikishakatwa kodi ya serikali, nikalipa pango, bima na gari, kinachobaki ndicho hicho ninachowatumia.

Nilikuja kwa ufadhili wa kucheza. Nilipomaliza shahada, kiwango changu hakikutosha kulipwa popote kama mchezaji, nikaingia kwenye benchi kama msaidizi huku nikisoma shahada ya pili. Chuo kinakulipia ada na kukupa posho ndogo, nawe unafuta jasho sakafuni, unakunja taulo, unapokea wageni uwanja wa ndege. Kazi yangu kubwa ilikuwa kukata video za wapinzani. Kila mara mchezeshaji wao (pointi gadi) anapopita kushoto baada ya mwenzake kumzibia mlinzi njia, nasimamisha, naandika dakika, naendelea, mpaka saa nane usiku. Asubuhi wachezaji wanaonyeshwa vipande vichache tu. Halafu jioni, kwenye mechi, kijana wetu anaziba upande ule ule wa kushoto na kupora mpira. Raha ile sijaipata kwenye kazi nyingine yoyote, na ndiyo iliyonibakiza.

Mnasikia habari za Brad Stevens, aliyeacha kazi nzuri kwenye kampuni ya dawa ya Eli Lilly mwaka 2000 akaenda kujitolea kwenye timu ya kikapu ya chuo cha Butler. Mwaka 2007 akawa kocha mkuu, kisha akaifikisha timu fainali ya taifa mwaka 2010 na 2011. Namheshimu sana. Lakini yule ni mwenyeji, na kuthubutu kwake hakukuhitaji kibali cha mtu. Viza yangu ya kazi imefungwa kwa mwajiri. Na huku kocha mkuu akifukuzwa, mara nyingi wasaidizi wake nao hufungasha.

Yalinikuta kwenye chuo cha kwanza kuniajiri. Msimu ulikuwa mbaya, Machi mkuu akaondolewa, nasi tukaitwa ofisini mmoja mmoja. Mwenzangu Mmarekani alianza kusaka kazi kwa nafasi yake. Mimi sheria inanipa siku 60 tu, nisipopata mwajiri au njia nyingine ya kubaki kihalali, nifungashe. Mama, ndicho kipindi kile uliponiuliza kama nimekukasirikia kwa sababu simu zangu zilikuwa fupi. Sikuwa nimekasirika, mama. Nilikuwa naogopa, na sikutaka ulale na hofu yangu.

Shangazi, umemtaja Hasheem Thabeet. Ni kweli, kijana wa Dar, alicheza UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, na mwaka 2009 timu ya NBA ya Memphis Grizzlies ikamchukua akiwa chaguo la pili kati ya wachezaji wapya wa mwaka ule, mbele ya James Harden aliyekuja kuwa nyota. Lakini Hasheem ana futi 7 na inchi 3. Mwanao ana futi 6 na inchi 2, na kwa kimo hicho atagombea namba na vijana waliofundishwa kikapu tangu wadogo. Anachoweza kukipata hapa ni shahada bila deni, na hicho mimi nakithamini kuliko namba ya jezi. Hata hivyo si kila chuo kinatoa: daraja la tatu halina kabisa ufadhili wa michezo. Akitokea wakala anayetaka pesa kwanza, nitumie barua yake kabla hujatoa hata shilingi.

Kwa sasa naomba video ya mechi nzima, si dunki zilizounganishwa, pamoja na matokeo yake ya kidato cha nne. Nitavipitia Jumapili, tukisharudi kutoka mechi ya ugenini.