Mche wa mkaratusi haushikwi shingo

Mbegu ya mkaratusi ni kama vumbi. Ukipiga chafya karibu na bakuli, umeshasia sebuleni. Ndiyo maana sisi wa huku Njombe hatuipandi moja moja kwenye kiriba, kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche. Tunaichanganya na mchanga mlaini, tunaimwaga juu ya tuta la kusia, na ikishaota ndipo tunahamishia miche kwenye viriba. Hapo kwenye kuhamisha ndipo wengi tunapoiulia.

Mwaka wangu wa kwanza nilijaza viriba 600. Siku ya nne, miche iliyosimama haikufika 100. Nikalaumu mbegu, nikalaumu baridi. Mama mmoja jirani, anayeotesha miti tangu mimi nasoma shule ya msingi, alipita, akachuchumaa, akachomoa mche uliolala. "Ona hapa." Juu kidogo ya mzizi shina lilikuwa limebonyea, jembamba kama uzi uliolowa. Alama za vidole vyangu hizo. "Mwanangu, unaushika shingo. Shika jani."

Tangu siku hiyo nashika jani. Mche wa umri huo una shina moja tu. Likibonyea, maji hayapandi tena. Jani likichanika, litachipua jingine.

(Msichanganye na kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la miche michanga. Chenyewe huanzia kwenye tuta, miche inaanguka kwa mafungu, hasa ukiwa umesia kwa kubananisha na unamwagilia bila kupumzika.)

Wakati wa kuhamisha ni pale majani mawili ya mwanzo yanapofuatwa na mengine mawili. Ukichelewa, mizizi inasukana na huwezi kutoa mmoja bila kuchana wenzake. Nafanya jioni, au siku ya mawingu. Saa moja kabla namwagilia tuta na viriba, kisha naingiza kijiti cha mwanzi chini ya miche na kuinua udongo wote pamoja. Usivute! Miche inajiachia yenyewe. Naitia kwenye bakuli lenye maji kidogo, ishirini au thelathini tu kwa mara moja, maana mzizi huo dakika chache za jua zinatosha kuukausha.

Sasa mzizi wenyewe, maana hapa niliharibu mwaka wa pili. Miche ilishika vizuri, nikajisifu. Miezi mitatu baadaye ikawa imedumaa. Nikapasua kiriba kimoja kwa wembe, nikakuta mzizi umekunjwa kama ndoana, ncha imeelekea juu. Nilikuwa nachimba tundu fupi na kuusukumia ndani. Siku hizi kijiti changu kina unene wa penseli na tundu linazidi urefu wa mzizi. Nazamisha mche kupita kiasi kidogo, halafu nauinua taratibu mpaka shingo ilingane na udongo; mzizi unanyooka wakati wa kupanda juu. Ukiwa mrefu mno, naukata ncha kwa wembe, bora hivyo kuliko kuukunja. Kisha nachomeka kijiti pembeni, upana wa kidole, nausogeza udongo kuelekea kwenye mzizi kuanzia chini. Kugandamiza juu kwa dole gumba ni kuivunja ile shingo uliyoihangaikia.

Kivuli cha nyasi kinakaa siku kumi hivi, halafu napunguza kidogo kidogo. Siku za mwanzo nanyunyizia kwa bomba la mgongoni linalotoa ukungu, ila liwe halijawahi kubeba dawa ya magugu. Keni yenye matundu makubwa huilaza miche yote chini kwa dakika moja.

Na tuta la kusia usilivunje mapema. Langu naliacha wiki mbili nyingine, nalimwagilia kama kawaida, maana viriba vichache vitakufa tu na itabidi nivijazie.