Mwambie mlima aupande mwisho

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako niliusoma jana jioni nikichambua maharage. Unasema daktari mwenzako wa huko Ujerumani anakuja Moshi mwishoni mwa Aprili, kwa wiki sita, na unauliza: aanze na Kilimanjaro angali na nguvu, au aanze na wodi? Tena unataka nikwambie, kwa miaka yangu ya unesi, madaktari wageni huwa wanakwama wapi.

Aanze na wodi. Aprili ni masika, umeshasahau? Mlima unajifunika siku nzima na njia za msituni ni tope tupu. Wiki zake zikielekea kwisha itakuwa Juni, mvua imekatika, kilele kinaonekana alfajiri kabla mawingu hayajapanda. Na wanaoanza na mlima nimewapokea wengi: midomo imebabuka, wanachechemea, na kila mgonjwa anaonyeshwa picha ya kilele cha Uhuru.

Kukwama, hawakwami kwenye dawa. Wanakwama kwenye masikio. Nilikuwa na kijana mmoja mpole, Kiswahili kakisoma kitabuni miezi mitatu. Akamwambia bibi mmoja wa Uru arudi kesho yake saa nane. Mwenzetu alikusudia asubuhi, yaani saa mbili yetu. Akamngoja weee, akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakutokea. Bibi akafika saa nane mchana kama alivyoambiwa, kajifunga kitenge cha kanisani, daktari keshakwenda kula. Kwenye faili, bibi wa watu ndiye mkaidi. Tangu siku hiyo kila mgeni namwonyesha saa ya ukutani kabla sijamwonyesha kipimo cha presha.

Mgonjwa akisema ana malaria, aulizwe kama amepima. Wengi wakichemka kidogo tu jina ni hilo. Na mwanamke akisema tumbo, hapo amo kila kitu toka mbavuni mpaka nyonga. Akilisema mbele ya mama mkwe, mara nyingi ni mambo ya kizazi. Amtoe mkwe kwanza, kwa adabu, ndipo aulize tena.

Ila ndugu wengine asiwafukuze. Wageni huona watu sita mlangoni na hotpoti za mtori wakadhani ni fujo. Hao ndio wanaomlisha mgonjwa, ndio wenye fedha ya dawa, na damu ikihitajika ndio watakaonyoosha mikono. Shauri la upasuaji bila wao halifiki popote.

Lingine ni meno. Ataona watu wazima wenye meno ya kahawia, hasa waliokulia upande wa Meru na tambarare za huku, na atataka kuwafundisha kupiga mswaki. Asiwaaibishe. Ni floridi, inatoka kwenye miamba ya volkano na kuingia majini. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingine vya huku vinapita hapo mbali. Magadi tunayotilia makande nayo yanaongeza. Kuna watoto wanapinda mpaka miguu, na mswaki haunyooshi mfupa.

Haya, mlima. Apite njia ya Marangu kwa siku sita, si tano, alale kambi ya Horombo siku mbili mwili uzoee. Madaktari ndio wapandaji wabishi kuliko wote, wanajitibu wenyewe. Mmoja, bingwa kabisa kwao, kichwa kilimshika Horombo, akameza vidonge akasonga. Kufika kambi ya Kibo, karibu mita 4,700, anayumba kama mlevi wa mbege. Mwongozaji anamwambia tushuke, yeye anajibu ni daktari, anajijua. Dawa ya ugonjwa ule wa mwinuko ni kushuka, hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua! Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wakamteremsha usiku kwenye machela ya gurudumu moja. Wiki iliyofuata mmoja wa wagumu wale akaja kliniki na kikohozi, na bingwa wetu akamsikiliza karibu nusu saa. Nikajisemea, kumbe masikio anayo.

Jumamosi zake nyingine aende Materuni akatwange kahawa na aone maporomoko. Chemka pia, karibu na Boma Ng'ombe: wanaiita chemchemi ya maji moto ingawa maji si ya moto, ni masafi tu hata mizizi ya mikuyu unaiona chini. Ziwa Chala asubiri barabara ikauke.

Jambo la haraka ni vibali. Viza ya utalii haimruhusu kugusa mgonjwa. Aandikishwe na Baraza la Madaktari Tanganyika na apate kibali cha kazi kabla ya kukata tiketi, kwa hiyo aanze sasa, karatasi hizo hazikimbii. Nimeshaona mgeni akikaa wiki tatu anakunywa chai ofisini kwa mganga mkuu, vyeti vyake bado viko njiani.

Atakaa kwetu. Chumba cha kaka yako nimeshatoa magunia ya mahindi, kimebaki kupakwa chokaa. Aje na koti la mvua na viatu vya kufulika. Na uniambie kama anakula nyama.

Mama yako