Toa Upepo Kwanza, Swichi Baadaye

Wiki hii nimepokea ujumbe wa kijana anayefanya kazi katika chumba cha boila cha kiwanda kimoja hapa Tanga, akilalamika kwamba pampu ya kuzungusha maji ya moto inanguruma lakini mshale wa geji haupandi, ingawa wameshabadilisha hata mota. Nilimuuliza jambo moja tu: baada ya pampu kufunguliwa kwa matengenezo, nani alitoa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani? Jioni akanijibu, "Mkuu wetu alisema utatoka wenyewe."

Kauli hiyo naifahamu vizuri. Zamani, nikiwa fundi mgeni katika zamu, nilisisitiza kwamba mfumo ujazwe polepole na kizibo cha hewa kilicho juu ya pampu kiachwe wazi mpaka maji yatoke mfululizo bila mapovu. Msimamizi aliniita mwoga mbele ya wasaidizi, akanipeleka stoo kuhesabu boliti, na zamu ya usiku ikaiwasha pampu kama ilivyokuwa. Kulipokucha sili, ile pete inayozuia maji kuvuja kwenye shafti (mhimili wa pampu), ilikuwa imeungua na sakafu imejaa maji. Hakuna aliyeniomba radhi, na sitasema kwamba nimesahau.

Impela, gurudumu lenye mapanga linalozunguka ndani ya pampu, husukuma maji kwa kuyarusha kutoka katikati kwenda pembeni, lakini hewa ni nyepesi mno, kwa hiyo ikinaswa ndani impela huzunguka bure na maji yaliyo kwenye bomba la kuvutia hayasogei. Tena sili hupozwa na kulainishwa na maji hayo hayo. Ikizunguka kavu huharibika haraka sana.

Mimi huanza umeme ukiwa umekatwa na swichi kuu imefungwa kwa kufuli, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, si mwa mtu mwingine. Mfumo ukiwa baridi, nafungua kabisa valvu ya upande wa kuvuta, naacha ya upande wa kusukuma imefungwa, kisha nafungua kizibo cha hewa kidogo kidogo huku nikizungusha shafti kwa mkono ili mapovu yaliyojificha ndani ya impela yapande. Hapo ndipo wengi wanapochoka. Nikishakifunga kizibo na kurudisha kinga ya kapulingi, kiungo cha shafti ya mota na ya pampu, naondoa kufuli na kuigusa swichi kwa sekunde moja tu, nione kama shafti inafuata mshale uliochorwa kwenye pampu. Ikienda kinyume, fundi umeme akate umeme na kubadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu za mota. Pampu inayozunguka kinyume huweza kutoa presha kidogo, na hiyo imewadanganya wengi. Ikiwaka sawasawa na geji ikapanda, fungua valvu ya kusukuma taratibu, bila kuchelewa, kwani maji yaliyofungiwa ndani hupata moto upesi.

Usifungue kizibo hicho maji yakiwa ya moto. Maji ya nyuzi 120 hubaki maji kwa sababu tu ya presha ya takriban bar 1 juu ya ile ya hewa ya nje. Ukiyafungulia njia, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, usoni pako. Wanaozungusha mafuta badala ya maji ili kubeba joto wana hatari nyingine: unyevu uliobaki mabombani baada ya matengenezo hulipuka kuwa mvuke mafuta yakipita nyuzi 100, kwa hiyo huyapasha kwa hatua na kuuacha unyevu utoke kupitia tangi la upanuzi, lile linalopokea ujazo unaoongezeka mfumo ukipata moto.

Vijana, najua nyote mnataka siku moja kukabidhiwa chumba kizima cha boila. Basi jifunzeni kuvumilia kuitwa wazembe na watu wenye haraka, na msikubali kuwasha kitu ambacho hamjakikagua kwa macho yenu.

Kijana wangu, ukishatoa upepo na bado ukasikia sauti kama ya kokoto ndani ya pampu, izime. Safisha chujio la upande wa kuvuta, kisha angalia kama presha ya tangi la upanuzi imeshuka.