Maswali na Majibu: Ruta Inapokataa Kugawa Anwani

Karibu maswali yote ya safari hii yanazunguka jambo moja: kifaa kimeshika Wi-Fi, lakini hakipati anwani ya IP (namba inayokitambulisha kwenye mtandao), au kinapata isiyofaa. Tunawasihi wasomaji wasikimbilie kuchoma kile kitufe kidogo cha nyuma (cha reset) kwa sindano. Kwenye laini nyingi za faiba, kitufe hicho hufuta jina na nywila ya PPPoE (ambayo ruta hutumia kuingia kwenye mtandao wa kampuni), na utakaa bila intaneti mpaka kampuni ikupe upya. Soma kwanza anwani iliyo kwenye kifaa chako. Mara nyingi hiyo pekee inatosha kukuonyesha hitilafu ilipo.

Laptopu inaonyesha 169.254.37.12, na simu imekwama ikisema inatafuta anwani ya IP. Ruta imekufa? (Msomaji, Kiamunyi, Nakuru)

Huenda ni nzima. Anwani inayoanza na 169.254 haikutoka kwa ruta. Laptopu imejipa yenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu. Kwa kawaida kifaa huuliza mtandao mzima nani anagawa anwani, ruta inapendekeza moja, kifaa kinaikubali, ruta inaithibitisha. Kazi hiyo huitwa DHCP, na hatua yoyote ikikatika matokeo ni hayo uliyoyaona.

Zima ruta, ngoja sekunde 30, iwashe na uipe kama dakika tatu. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `ipconfig /release`, kisha `ipconfig /renew`. Kwenye simu, sahau mtandao huo na uingie upya. Isiposaidia, unganisha laptopu kwa kebo kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba). Ukipata anwani kwa kebo, DHCP inafanya kazi na tatizo liko upande wa Wi-Fi, mara nyingi ni mawimbi hafifu: kifaa kinaonekana kimeunganishwa ilhali majibu ya ruta yanapotea njiani.

Hata kwa kebo ukikosa, inawezekana DHCP imezimwa. Utaingiaje kwenye ruta bila anwani? Jipe kwa mkono: IP 192.168.1.50, maski (inayoonyesha ukubwa wa mtandao) 255.255.255.0, lango (anwani ya ruta, njia ya kutokea) 192.168.1.1. Angalia kwanza kibandiko chini ya ruta, kwani nyingine hutumia 192.168.0.1 au 192.168.100.1, na hapo tarakimu zako lazima zifuate zake. Fungua anwani ya ruta kwenye kivinjari, nenda sehemu ya LAN, washa DHCP, hifadhi, halafu urudishe laptopu kwenye kupokea anwani yenyewe. Wengi husahau hatua hiyo ya mwisho, kisha wakifika kazini laptopu inakataa mtandao wa huko.

Wapangaji wa ploti yetu tunatumia ruta moja. Mchana hakuna shida, lakini jioni anayechelewa kurudi hapati anwani. (Msomaji, Manyatta, Kisumu)

Anwani zimeisha. Tazama fungu ambalo ruta inagawa. Likiwa 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149, hizo ni 50 tu, na kila mpangaji ana simu, televisheni, pengine na laptopu. Tena anwani haiachiliwi mgeni anapotoka getini; hubaki kwa jina la simu yake hadi muda wake uishe, na muda huo mara nyingi ni saa 24.

Panua fungu lianzie .20 hadi .250, upate anwani 231, na upunguze muda hadi saa 2. Anayeendelea kutumia hatakatizwa, kwa sababu kifaa huomba kuongezewa muda nusu yake inapofika. Ila anwani nyingi haziongezi nguvu ya ruta. Ruta ya nyumbani ikibebeshwa ploti nzima, kasi itashuka hata kama kila mtu ana anwani yake.

Nilivuta kebo hadi nyumba ya nyuma na kuweka ruta ya pili. Sasa vifaa vingine vina intaneti, vingine havina, na hali hubadilika kila nikiwasha upya. (Msomaji, Lurambi, Kakamega)

Una wagawaji wawili kwenye mtandao mmoja. Kifaa kinapoomba, ruta zote mbili hujibu, na kwa kawaida kinachukua jibu lililotangulia. Kikipewa na ruta ya pili, kinaambiwa lango ni ruta hiyo, nayo haina njia ya kutoka. Kuthibitisha, andika `ipconfig /all` kwenye kompyuta yenye shida na usome mstari wa "DHCP Server": unataja anwani ya ruta iliyogawa. Kama zote mbili ni 192.168.1.1, mstari huo hautakusaidia. Chomoa kebo inayoziunganisha uone nani anabaki na intaneti.

Kabla ya kuiunganisha tena, fungua ruta ya pili peke yake kwa laptopu. Badilisha anwani yake ya LAN iwe 192.168.1.2, hakikisha haimo ndani ya fungu la ruta ya kwanza, hifadhi, ingia upya kwa anwani hiyo mpya, kisha uzime DHCP. Fuata mpangilio huo. Ukizima DHCP kwanza utalazimika kujipa anwani kwa mkono ili urudi ndani. Mwisho, chomeka kebo ya nyumba kubwa kwenye tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje) liache wazi.

Ukipenda kutumia WAN, acha DHCP ikiwa imewashwa, lakini LAN ya ruta ya pili iwe na namba tofauti, kwa mfano 192.168.5.1. Pande zote mbili zikiwa 192.168.1, ruta haitajua ipeleke wapi. Tunapendelea njia ya kwanza, kwani simu ya nyumba ya nyuma itaiona printa ya nyumba kubwa.

Kila stima ikipotea na kurudi, kompyuta haiioni printa. (Msomaji, Bungoma)

Ruta nyingi za nyumbani husahau orodha ya anwani zikizimika, na printa hurudi na namba nyingine. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya kuhifadhia anwani ndani ya DHCP, weka MAC ya printa (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe) na anwani unayotaka. Usiandike kwenye printa namba iliyo ndani ya fungu bila kuihifadhi kwenye ruta. Siku moja simu itapewa namba hiyo hiyo na zote mbili zitayumba. Ukihifadhia simu, soma MAC kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, si kwenye boksi: Android 10 na iOS 14 kwenda mbele hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao.

Nataka kuona kamera za nyumbani nikiwa mbali. Nimefungua poti kwenye ruta (mlango wa kuingilia kutoka nje), hakuna kitu. (Msomaji, Busia)

Tazama anwani ya WAN kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, kampuni imekuweka nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine, na poti unayofungua haifiki nje. Omba anwani ya umma, ambayo huenda ikalipiwa, au tumia programu ya kamera inayopitia seva ya mtengenezaji.