Mkia Kwanza, Injini Mwisho: Kwa Unayetaka Kujenga Ndege Yako

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Morogoro. Anachomea mageti na madirisha, ameweka akiba, na swali lake lilikuwa moja: "Kaka, injini ya ndege ndogo nitaipata wapi kwa bei nafuu?" Tangu nianze kuweka picha za ndege yangu mtandaoni, maswali ya namna hii hayakauki, na karibu kila mmoja anaanzia kwenye injini. Nimeona nimjibu hapa ili na wengine msome.

Mdogo wangu, usinunue injini. Anza na mkia.

Ndege yangu ni Zenith CH 750, ya viti viwili, mabawa juu, inayotosheka na kiwanja kifupi cha majani. Kiwanda chake kiko Marekani, jimbo la Missouri, kwenye mji unaoitwa Mexico. Hapo kuna mafunzo ya siku mbili: unaingia bila kujua kushika drili, unatoka na usukani wa mkia, lile bawa la wima la nyuma linalogeuza ndege kushoto na kulia, uliojenga kwa mikono yako mwenyewe, unaupakia kwenye gari na kwenda nao nyumbani. Mimi nilikwenda nikiwa mpakiaji mizigo wa zamu ya usiku kwenye ghala huko Indiana. Sikuwa injinia, sikuwa rubani, sikuwa na mjomba mwenye hela. Nilirudi na usukani ule nikaulaza kwenye viti vya nyuma, na njia nzima nilikuwa nageuka kuutazama.

Kipande kile kidogo kina karibu kila kazi utakayoifanya baadaye: kutoboa tundu, kuondoa makali yake, kupaka dawa ya kuzuia kutu pale bati linapolalia bati, kubana kwa kleko, yaani vibanio vya muda vinavyoshika mabati pamoja, kisha kupiga ribiti, vipini vya kuyaunganisha moja kwa moja. Ukimaliza mkia unajua kama una moyo wa kazi hii. Ukigundua huna, umepoteza sehemu ndogo tu ya fedha. Injini ndiyo ghali kuliko vyote, na huzeeka ikiwa ndani ya sanduku. Yangu ni Rotax 912 ULS, nguvu za farasi 100. Mipira yake ya kupitishia mafuta, maji na oili hubadilishwa kila miaka 5, hata kama ndege haijanyanyuka. Namjua mtu aliyebadilisha mipira ya injini ambayo haijawahi kunguruma, na dhamana ilikuwa imeshakwisha. Kwa hiyo, mkia kwanza, kisha mabawa, kisha bodi. Injini ije mwisho.

Miezi ya mabawa siwasimulii. Ni ribiti juu ya ribiti.

Ila kuna jambo la kipindi hicho nitalisema. Tulianza wawili, nusu kwa nusu, mimi na Mtanzania mwenzangu. Mabawa yalipokwisha akadai fedha yake, na msibani, mbele ya watu tunaoheshimiana nao, akasema ninachezea mabati wakati nyumba ya mama yangu kijijini haijapauliwa. Nyumba ile niliipaua. Fedha yake nilimrudishia yote, kwa zamu za ziada. Leo ndege inaruka na yeye huniomba picha za kuwaonyesha wenzake. Namtumia, lakini maneno yale bado yananikaa kooni. Basi kama mnajenga wawili, andikianeni mkataba siku ya kwanza, na muandike mmoja akitoka atalipwaje na lini. Undugu usiwazuie kuandika.

Sasa ukaguzi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kabla hujafunga sehemu yoyote kwa bati la mwisho, ita jicho la pili. Huku Marekani kuna chama cha wajenzi wa ndege, EAA, kilichoanzishwa mwaka 1953, ndicho kinachokusanya watu kwenye maonyesho ya ndege mjini Oshkosh kila Julai. Kina washauri wa ufundi wanaojitolea kuja kukagua kazi yako. Wangu ni mzee aliyekuja na tochi na kioo kidogo cha kuchungulia, akapita bolti moja baada ya nyingine. Bolti ndogo ya ndege, ya saizi iitwayo AN3, hukazwa paundi-inchi 20 hadi 25 kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, na walau uzi mmoja lazima uchungulie nje ya nati. Ukishakaza, piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bati, ili nati ikijizungusha uione. Mtu asiyetaka kazi yake itazamwe asijenge ndege. Ajenge kabati.

Piga picha kila hatua na andika tarehe. Sheria ya hapa inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na mjenzi asiye wa biashara, na daftari ndilo ushahidi wako. Mkaguzi akiridhika, unaingia kipindi cha majaribio. Kwangu kilikuwa saa 40, kwa sababu injini yangu si ya aina iliyoidhinishwa kwa ndege za kiwandani. Unaruka ndani ya eneo ulilopangiwa, bila abiria. Watu walinibembeleza niwapandishe. Nilikataa, hata mke wangu. Kwenu Tanzania, nenda TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla hujakata bati hata moja, Kenya nenda KCAA, mamlaka yao ya anga, upate majibu kwa maandishi. Usisubiri ndege iwe uwanjani ndipo ukaombe ruhusa.

Kuruka kukianza, utunzaji unakuwa kazi ya kila safari. Kabla ya kupima oili ya Rotax, hakikisha swichi zote mbili za cheche zimezimwa, kisha zungusha propela kwa mkono, upande inakozungukia, mpaka usikie tangi la oili linagugumia. Ndipo uchomoe kijiti cha kupimia. Ukitumia petroli yenye madini ya risasi, badilisha oili mapema kuliko kawaida. Zipatanishe kabureta mbili, zinazochanganya petroli na hewa, zivute sawa, la sivyo injini itatetemeka na gia za propela zitaumia.

Kila baada ya miezi 12 ndege yote inafunuliwa na kukaguliwa. Kwa kuwa niliijenga mwenyewe, nina cheti kinachoniruhusu kusaini ukaguzi huo, kwa ndege hii peke yake. Nimesaini wa mwaka huu juzi, na nawaambia wazi, ile sahihi naionea fahari kuliko picha zote nilizowawekea. Cheti hicho hakiuzwi pamoja na ndege. Atakayeinunua, kama hana cheti chake kinachomruhusu, atatafuta fundi mwenye leseni amsainie kila mwaka, na fundi huyo ataomba kwanza kuona daftari: bolti ipi ilibadilishwa, lini, na kwa nini.